Oili ya pikipiki: Soma chupa kabla ya kulipa

KATIKA Halmashauri ya Mji wa Nanyamba, mkoani Mtwara, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayobeba gunia la korosho kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati, na ndiyo inayopeleka samaki wa pwani hadi vijiji ambavyo gari hufika kwa nadra. Kwa vijana wengi ndiyo ajira. Kwa wakulima wengi ndicho kitu cha kwanza kununuliwa fedha za mnada zinapoingia.

Hata hivyo, ukisimama kwa muda kwenye duka lolote la spea utaona jambo la kushangaza. Mtu aliyetoa zaidi ya Sh2 milioni kununua pikipiki anachagua oili kama anavyochagua soda, kwa rangi ya chupa au kwa bei. Anasema, "Nipe oili ya pikipiki." Muuzaji anamuuliza ya shilingi ngapi. Mazungumzo yanaishia hapo, na miezi michache baadaye injini inaanza kutoa moshi, klachi inateleza, na fundi anaitwa kufungua kila kitu.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo, si fundi. Lakini suala hili ni la uchumi kabla halijawa la ufundi, kwa kuwa oili ni gharama ndogo inayolinda mtaji mkubwa, na habari za kumsaidia mnunuzi zimeshaandikwa kwenye chupa. Tatizo ni kwamba zimeandikwa kwa vifupisho ambavyo hakuna aliyemweleza maana yake.

Injini ndogo, kazi kubwa

Kwenye gari, oili ya injini ni ya injini peke yake. Gia zina oili yake, na kwa magari mengi ya gia za mkono klachi hukaa pakavu. Pikipiki nyingi tunazotumia, ziwe Bajaj Boxer, TVS, Honda au zile za Kichina zilizotangulia kuenea vijijini kama SanLG, zina utaratibu mwingine kabisa. Oili ileile ya lita moja au zaidi kidogo inalainisha pistoni na krenki, inapita kwenye meno ya gia, na sahani za klachi zimezama humohumo.

Kila moja ya kazi hizo inaichosha oili kwa namna yake. Meno ya gia huikatakata na kuifanya nyepesi. Joto la pistoni huipika. Klachi nayo inataka jambo lililo kinyume na hayo mengine, yaani sahani zake zishikane zisiteleze, wakati pistoni inataka utelezi. Kwa hiyo oili nzuri kwa gari inaweza kuwa mbaya kwa pikipiki, hata kama ni ya kampuni maarufu na ya bei ya juu.

Aidha, injini hizi hupozwa na upepo, hazina rejeta. Zikienda kasi kwenye lami upepo unatosha. Lakini njia nyingi za vijiji vya Nanyamba ni mchanga, na kwenye mchanga dereva hushuka gia ya pili au ya kwanza, injini inalia, mwendo ni wa mtu anayetembea haraka, na upepo wa kuipoza haupo. Anayepanda kutoka bonde la Ruvuma upande wa Kitaya akiwa na abiria au mzigo nyuma anajua jinsi injini inavyochemka. Hapo kazi ya kuondoa joto inaiangukia oili.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Pikipiki nyingi za bei nafuu hazina chujio cha oili cha karatasi kama cha gari. Zina wavu mdogo wa kuzuia chembe kubwa, na nyingine huongezewa kikombe kinachozunguka ili kutupa uchafu pembeni. Vumbi laini na unga wa vyuma vinavyosagika hubaki ndani ya oili hadi siku itakapomwagwa. Chujio halisi la pikipiki hizo ni tabia ya mwenyewe ya kubadilisha oili.

Alama za kutafuta kwenye chupa

Alama ya kwanza ni ya uzito wa oili, inayoandikwa SAE ikifuatwa na namba kama 20W-50, 15W-40 au 10W-30. Wakazi wa pwani wataielewa kwa mfano wa mafuta ya nazi, ambayo asubuhi za Julai huganda kwenye chupa na jua likipanda yanakuwa maji. Oili nayo huwa nzito ikipoa na nyepesi ikichemka. Namba iliyo kabla ya W inaeleza inavyotiririka wakati wa baridi, na W yenyewe imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo baada yake inaeleza unene uliobaki oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Nanyamba hakuna baridi ya kuigandisha oili, hivyo namba ya mbele isikusumbue sana. Ya nyuma ndiyo inayokulinda mchana wa Novemba kwenye mchanga.

Je, uchukue ipi? Jibu liko kwenye kitabu kinachokuja na pikipiki, ambacho wengi hukitupa siku ya kwanza. Bajaj, kwa mfano, huelekeza 20W-50 kwa Boxer, wakati Honda kwa pikipiki zake nyingi za miaka ya karibuni huelekeza 10W-30. Kwa maana hiyo usimwige jirani ikiwa pikipiki zenu si za aina moja. Wapo wanaopandisha uzito injini inapozeeka na kuanza kula oili. Hilo linaweza kupunguza moshi kwa muda, lakini ringi zilizokwisha haziponi kwa oili.

Alama ya pili ni API, ikifuatwa na herufi mbili. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili hiyo imetengenezwa kwa injini za petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili huonyesha kizazi: SJ ni ya zamani kuliko SL iliyoanza mwaka 2001, na SN ilifuata mwaka 2010. Nyingi ya pikipiki zetu zinatosheka na SJ au SL. Hakuna sababu ya kulipia herufi ya mbele zaidi kwa injini ya CC 125 isiyoihitaji.

Alama ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo isiyoangaliwa kabisa. Ni JASO MA. Wajapani waliweka kipimo hiki mwaka 1998, baada ya oili za magari kuanza kutiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Viungo hivyo vikiingia kwenye pikipiki, klachi huanza kuteleza. Oili yenye alama ya MA, MA1 au MA2 imepimwa na kuonekana kuwa klachi iliyozama ndani yake inashika vizuri. MB ni kinyume chake. Hiyo ni kwa skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili ya injini, kwa hiyo usiitie kwenye Boxer.

Alama hiyo ndiyo inayotenganisha 10W-30 ya Honda na 10W-30 ya gari dogo, ingawa namba ni zilezile. Ukiona kwenye chupa maneno ya kusifu kuokoa mafuta na huoni JASO MA, hiyo ni ya gari. Dereva aliyeitumia ataona injini inapiga kelele kwenye kilima lakini pikipiki haiendi. Wengi huambiwa wabadilishe sahani za klachi, wanabadilisha, wanatia oili ileile, na tatizo linarudi.

Oili ya dumu

Vijijini kuna oili nyingine, ile inayopimwa kutoka kwenye dumu la lita 20 na kutiwa kwenye chupa ya maji. Mara nyingi ni oili ya malori, SAE 40 au 15W-40 ya dizeli. Haki itendeke: ikiwa ni halisi na safi, si sumu kwa pikipiki, na SAE 40 ya kawaida kwa kawaida haitelezeshi klachi. Mtu aliyekwama njiani akiongeza kidogo ili afike nyumbani hajafanya kosa, kwani kutembea na oili pungufu ni kubaya zaidi.

Ubaya wa oili ya dumu ni kwamba hujui ni nini. Dumu liliwahi kuwa na jina lakini yaliyomo yanaweza kuwa yameongezwa mara nyingi, pengine kwa oili iliyokwishatumika na kuchujwa. Mkoa wa Mtwara unaijua kangomba, ambapo mkulima mwenye shida huuza korosho kwa kibaba kwa bei ya hasara. Oili ya kupima ni kangomba ya upande wa pili, maana mwenye fedha kidogo ananunua kwa kipimo asichokijua na analipa tofauti yake kwa fundi.

Hesabu ya mwaka

Tuchukue mfano, na msomaji aweke bei za duka lake mwenyewe. Dereva wa bodaboda anatembea kilomita 80 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 2,000. Akibadilisha oili kila mwezi ni mara 12 kwa mwaka. Tuseme oili yenye alama sahihi inazidi ile ya dumu kwa Sh5,000 kwa lita. Tofauti yote kwa mwaka ni Sh60,000, sawa na Sh200 kwa kila siku ya kazi.

Sasa tuangalie upande mwingine. Pistoni, ringi, kuchonga silinda, gasketi na ufundi tuseme ni Sh180,000. Pikipiki imelala siku tano, na hesabu ya siku ni Sh8,000, hivyo Sh40,000 nyingine zimepotea. Jumla ni Sh220,000. Maana yake, oili rahisi ikikuharibia injini mara moja tu katika miaka mitatu, akiba yote ya Sh180,000 uliyodhani umeipata imekwenda na Sh40,000 juu yake. Hapo hatujahesabu wateja waliohamia kwa mwingine.

Hesabu hiyohiyo inamkataa pia anayetaka kununua oili ya bei ya juu kabisa, ile ya kutengenezwa maabara inayouzwa kwa bei mara mbili au tatu. Ni oili nzuri, lakini kwenye injini isiyo na chujio itachafuka kwa vumbi lilelile. Mwandishi wa makala haya, akiambiwa achague, angenunua oili ya kawaida ya bei ya kati yenye JASO MA na kuimwaga kwa wakati, kuliko oili ya kifahari inayokaa miezi minne kwa kuwa mwenyewe anaihurumia fedha yake.

Wakati wenyewe ni upi? Pikipiki mpya humwagwa mapema, kati ya kilomita 500 na 750 za mwanzo, kwa sababu vyuma vipya hutoa unga mwingi. Baada ya hapo vitabu hutaja kilomita nyingi zaidi, lakini vitabu hivyo haviwazii mchanga na mishkaki. Kilomita 2,000 ni kiwango cha busara kwa bodaboda ya Nanyamba. Wengi watasema mita ya kilomita ilikufa zamani. Hesabu lita za petroli. Ikiwa pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita, lita 50 ni kilomita 2,000. Daftari dogo na kalamu vinatosha.

Kati ya kumwaga na kumwaga, pima oili walau mara moja kwa wiki. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati mahali tambarare, izime, subiri dakika chache oili ishuke, ndipo uangalie kijiti au kioo.

Nani alipe oili?

Hapa ndipo injini nyingi zinapokufia. Mwenye pikipiki hukaa na dereva wakakubaliana hesabu ya siku, na mara nyingi suala la oili huachwa kwa dereva. Dereva huyo kila lita anayonunua inatoka mfukoni mwake, wakati injini inayolindwa si yake. Hakuna haja ya kumwita mwizi wala mvivu. Makubaliano yenyewe yanamlipa ili achelewe kumwaga oili.

Dawa ni tajiri kununua oili mwenyewe, kuikabidhi chupa ikiwa na lakiri, na kuwapo inapomwagwa, hata kama itabidi hesabu ipandishwe kidogo kufidia. Kwa wale wa mkataba, ambapo kijana analipa kwa miezi kadhaa kisha pikipiki inakuwa yake, hali ni afadhali kwa kuwa anailinda mali yake ya kesho. Lakini hata hapo iandikwe kwenye karatasi oili ni ya aina gani na inamwagwa kila baada ya lita ngapi za petroli. Mikataba mingi inataja faini ya kuchelewesha hesabu na haitaji oili hata kwa neno moja.

Bomba la kupulizia si pikipiki

Nanyamba ina sababu nyingine ya kujua oili. Kati ya Juni na Septemba, mikorosho inapotoa machipukizi na maua, mashamba hulia kwa mabomba ya injini yanayopuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa ambao watafiti wa Naliendele wamepambana nao kwa miongo kadhaa. Miaka ya karibuni salfa imekuwa ikija kwa ruzuku kupitia Bodi ya Korosho, lakini petroli na oili ni za mkulima mwenyewe.

Injini ya bomba haina oili ya kukaa ndani. Oili yake huchanganywa na petroli, nayo huandikwa 2T kwenye chupa. Ya pikipiki huandikwa 4T. Mkulima mwenye pikipiki na bomba nyumbani hushawishika kutumia chupa moja kwa vyote viwili, na anaharibu vyote viwili. Oili ya 4T kwenye petroli ya bomba haiungui vizuri, hivyo plagi na njia ya moshi hujaa masizi. Oili ya 2T ndani ya injini ya pikipiki ni nyepesi mno na haikutengenezwa kwa gia wala klachi.

Kipimo nacho kina maana. Kampuni ya Stihl, kwa mfano, huelekeza sehemu moja ya oili yake kwa sehemu 50 za petroli, na kwa oili nyingine ya 2T sehemu moja kwa 25. Kwa lita tano za petroli hiyo ni mililita 100 au mililita 200. Kizibo cha chupa si kipimo, kwa sababu vizibo havilingani. Nunua bomba la sindano la mililita 50 au kikombe chenye alama. Oili ikipungua pistoni inajikwangua na kukwama katikati ya msimu, siku ambazo kila fundi ana foleni. Ikizidi, bomba linatoa moshi mzito na kukosa nguvu.

Tahadhari moja kwa walio karibu na bahari: oili yenye alama TC-W3 ni ya injini za boti zinazopozwa na maji. Ni 2T pia, lakini bomba la shambani linapozwa na upepo na linachemka zaidi. Kwa bomba tafuta JASO FC au FD, au API TC.

Nunua wakati fedha ipo

Kalenda ya fedha ya mkulima wa korosho haifanani na kalenda ya mashine zake. Fedha huingia kuanzia Oktoba hadi Januari, baada ya minada ya stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza kwenye korosho mwaka 2007. Kupulizia huanza Juni, wakati mfuko umekauka. Ndiyo maana Julai watu wananunua oili kwa kikombe.

Oili iliyofungwa, ikiwekwa kivulini mbali na mvua na jua, haiharibiki kwa miezi minane wala kwa miaka miwili. Kwa hiyo mkulima anayepokea malipo Novemba anaweza kununua oili ya mwaka mzima siku hiyohiyo. Pikipiki ya nyumbani isiyo ya bodaboda inaweza kuhitaji lita nne au tano tu. Madereva wa kijiwe kimoja, au wanachama wachache wa chama cha msingi, wakichanga wanaweza kuchukua katoni kwa bei ya jumla mjini Mtwara na kugawana. Ni jambo rahisi kuliko mengi tunayoyaita ujasiriamali.

Mnunue mahali panapotoa risiti. Angalia lakiri ya kizibo haijafunguliwa, maandishi hayajafifia, namba ya toleo ipo na alama ya ubora ya TBS ipo. Rangi isikudanganye, kwa sababu nyekundu, kijani au dhahabu ni rangi ya kutiwa tu. Biashara ya vilainishi iko chini ya usimamizi wa EWURA, kwa hiyo mwenye kuuziwa oili bandia ana mahali pa kupeleka malalamiko, mradi awe na risiti na chupa yenyewe.

Oili chafu usiimwage karibu na kisima wala chini ya mkorosho. Ikusanye kwenye dumu na uipeleke kwa fundi anayekusanya. Na chupa ikiisha, itoboe kwa msumari kabla ya kuitupa. Chupa nzima yenye jina zuri ina wanunuzi wake, na hawanunui ili wakatilie maji ya kunywa.